Blanketi Alilotakiwa Kujifunika

Kitambaa chekundu kilikataa kupata moto.

Cecilia alikuwa barazani kwake, Makanyagio, anapiga pasi mabaki ya nguo kabla ya kuyakata. Pasi yenyewe ya mkaa, imejaa hadi inatoa cheche, na kila kipande kilichopita chini yake kilitoka cha moto kiasi kwamba alikishika kwa ncha za vidole. Kile chekundu alikipitishia pasi, akarudia, akakiwekea kiganja. Kilikuwa baridi. Haikuwa baridi ya nguo iliyokaa kivulini. Ilikuwa baridi ya kitu kilichotolewa kisimani, pamoja na unyevu wake. Akaigusa pasi kwa kidole chenye mate, ikalia chwii. Akakitazama tena kile kitambaa, akakitupia kwenye rundo la rangi nzito, akaendelea na kazi. Mwezi wa tano ulikuwa unaisha, asubuhi za Mpanda zilishaanza kuuma, na mshonaji mwenye kazi za watu hana nafasi ya kubishana na kitambaa.

Mjini walimfahamu kwa mablanketi ya viraka. Kila msimu alikuwa na kazi yake. Mvua zikianza alishona mepesi ya watoto wachanga, kanga mbili mgongo kwa mgongo bila kitu katikati. Joto la mwezi wa kumi likifika alishona vitambaa vya makochi na foronya. Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa ya kipupwe: blanketi zito, juu viraka, chini shuka, katikati blanketi kuukuu la kushika joto. Wanawake waliokuja kujifunza barazani aliwaambia maneno yaleyale kila mwaka. Kata boksi la sabuni liwe kipimo chako, miraba yote ilingane. Tenga rangi nzito na rangi nyepesi. Tandika vipande vyote kwenye mkeka uvione kabla hujavigusa na sindano, maana jicho likikosea unasogeza tu, sindano ikikosea unafumua. Na ukifika kwenye kushikiza matabaka yote matatu, anzia katikati uelekee pembeni, usije ukafungia mkunjo ndani.

Kile chekundu kilitoka kwenye mfuko wa salfeti ulioletwa na wifi yake, Pudensiana, aliyeolewa Mishamo.

Mfuko huo ulimgusa Cecilia kuliko alivyoonyesha. Yeye alikuwa Mfipa, ameolewa kwa Wakonongo wanaorina asali Ugalla tangu enzi za mababu, na miaka yote ya ndoa dada huyo wa mumewe hakuwahi kumsogezea hata kigoda. Mama mkwe alipofariki mwaka uliotangulia, nguo zake ziligawiwa wanawake wa ukoo, Cecilia akabaki kuangalia. Sasa Pudensiana alikuwa amesimama mlangoni pake, amekonda, macho yanatazama chini.

"Nguo za mama hizi, wifi," alisema. "Zilizobaki. Zinaliwa na panya bure. Nikasema wewe ndiye unayejua kuzifanyia kitu."

"Ingia basi. Unywe hata chai."

"Bodaboda ananisubiri." Akausogeza mfuko mbele. "Pokea kwa mikono miwili, wifi."

Cecilia akapokea kwa mikono miwili. Alidhani ni heshima ya marehemu.

Jioni ile mumewe akapiga simu. Isidori alikuwa porini kwenye mizinga yake, na huko mtu hapati mtandao mpaka apande juu ya kichuguu.

"Wifi yako amefika?"

"Amefika. Kaniletea nguo za mama."

"Vizuri." Upepo ukavuma kwenye simu. "Sasa sikiliza, Mama Doto. Hizo usimshonee mtu. Shona la kwako. Kila kipupwe unafunika watu, wewe unalala na kishuka. Mwaka huu na wewe ujifunike."

Cecilia alicheka, akamwambia pori limemfundisha maneno matamu. Simu ilipokatika alifuta macho kwa pindo la kanga. Alijiona mwanamke mwenye bahati. Wifi amemkumbuka, mume amemkumbuka, na vyote siku moja.

Blanketi lile alilishona kwa mkono wa mapenzi. Alilijua kila vazi alilolikata: gauni la maua ambalo mama mkwe alikwenda nalo kanisani, kitenge cha msiba wa mzee, blauzi ya njano iliyopauka makwapani. Chekundu peke yake ndicho hakukumbuka kumwona nacho. Akakiweka pembeni kabisa, upande wa miguu. Sindano ilikiingia kwa shida kama inatoboa ngozi, na kila ilipotoka upande wa pili, puani kulipita harufu ya nta inayoungua, ikapotea kabla hajageuka kuitafuta.

Alipomaliza hakujifunika. Doto alikuwa ameanza kukohoa. Huyu ndiye mtoto wake pekee, wa darasa la tatu. Pacha wake, Kulwa, hakukaa duniani. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo akisikia kikohozi hajiulizi mara mbili. Alimfunika blanketi jipya mpaka shingoni, akamchomekea pembeni, yeye akarudi kwenye kishuka chake.

Kulipokucha, kiraka chekundu kilikuwa usawa wa magoti ya mtoto.

Cecilia akajiambia amesahau alipokishona. Asubuhi iliyofuata kilikuwa usawa wa kiuno. Akajiambia mtoto amelizungusha blanketi usingizini. Basi akachukua kifungo cheupe, akakishona upande wa kichwani, ili ajue kichwa ni kipi na miguu ni ipi. Ukungu wa asubuhi ulipoanza kupanda mtaani, akafungua dirisha kupata mwanga, akaangalia. Kifungo kilikuwa palepale alipokiweka, chini ya kidevu cha Doto. Kiraka chekundu kilikuwa kifuani. Akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye mshono wake wote, akitafuta mahali uzi ulipokatwa na kuungwa upya, hakupaona. Ulikuwa uzi wake, mkono wake, vile vishono vyake vifupi vinavyolalia kushoto ambavyo angevitambua hata kwenye giza, na pale miguuni alipokuwa amekiweka kile chekundu palikuwa na kipande cha gauni la maua, kimekaa kimya, kimeshonwa vizuri, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kingine.

Akamvua mtoto blanketi, akalianika uani, akaamua Doto asilitumie tena. Lakini mtoto alitetemeka mchana kutwa, jua linawaka, meno yanagongana, na alipofunikwa mablanketi mengine ya nyumbani alitetemeka zaidi. Zahanati walimpima malaria, hawakukuta kitu. Wanajumuiya walikuja kusali, na walipofika katikati ya rozari mama mmoja aliyekaa karibu na mlango wa uani akauliza kwa sauti ndogo, "Kuna mzinga hapa nyumbani?" Wote wakasikia. Mvumo mzito, wa chini, kama nyuki walio ndani ya gogo, ulitoka kule kwenye kamba ya kuanikia, na ulikuwa unapanda na kushuka pamoja na pumzi za mtoto. Walimaliza sala haraka. Hakuna aliyekaa kusubiri chai.

Cecilia alimrudishia Doto blanketi kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu ndilo pekee lililomtuliza. Hilo hakumwambia mtu.

Siku zilivyokwenda mtoto akaanza kuwa mtu mwingine. Alitembea ameinama, mkono kiunoni. Akiongea alijipigapiga paja, kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Ugali hakuutaka tena, alitaka asali, na alipopewa aliilamba kidole kwa kidole bila haraka, akimtazama mama yake kwa macho ya mtu anayepima nguo ya kununua.

Isidori akarudi mtoto akiwa katika hali hiyo. Aliingia uani anasukuma baiskeli yenye madumu ya asali, anatabasamu, na Cecilia akasimama kumpokea mzigo. Kisha mume akaona mkekani, barazani juani, Doto amelala chini ya blanketi la viraka, kiraka chekundu kiko shingoni kama leso. Baiskeli ikamponyoka. Dumu likapasuka, asali ikaanza kutambaa kwenye mchanga, na yeye hakuiangalia.

"Kwa nini amejifunika yeye?"

"Anaumwa, Baba Doto. Nilikuambia kwenye simu anaumwa."

"Nilikuambia ujifunike wewe." Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Nilikuambia la kwako."

"Kuna tofauti gani?"

Isidori alikwenda kulivuta blanketi, na lilipomtoka mtoto mabegani, gurudumu la cherehani kule pembeni ya baraza likazunguka lenyewe, polepole, mkanda wake unalia, sindano ikipanda na kushuka juu ya bati tupu bila kitambaa wala uzi, na harufu ya nta iliyoungua ikajaa barazani mpaka ikakaa kwenye ulimi, na Doto, bila kufumbua macho, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto wa darasa la tatu, ilikuwa sauti ya mwanamke mzee aliyezikwa mwaka jana, ile sauti ya kukwaruza ambayo Cecilia aliipikia uji na kuiogesha hadi siku ya mwisho.

"Mkamwana," ilisema. "Kitanda hiki kifupi."

Cecilia alishika nguzo ya baraza. "Wewe ni nani?"

"Siyo yule mzee. Yeye nilimlalia tu. Kabla yake nilimlalia mama yake." Mkono mdogo wa Doto ukapigapiga paja. "Alipoondoka nikamwendea binti yake. Hakuniweza. Nikaahidiwa kirefu, nimepewa kifupi. Miguu yangu inaning'inia."

"Nani alikuahidi?"

"Mwanaume wa asali. Alisema mkewe ana mgongo mpana, amezoea kubeba, hatalalamika."

Gurudumu la cherehani likasimama. Doto akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, akiita mama.

Cecilia aligeuka kumtazama mumewe. Alitaka kuona uso uliopigwa na mshangao. Aliona uso wa mtu aliyesubiri neno fulani kwa muda mrefu, na sasa limesemwa na mtu mwingine.

Alimfunga Doto mgongoni pamoja na blanketi lake, akatoka kwenda kutafuta bodaboda. Isidori alifuata kwa baiskeli, mbali kidogo, kama mtu anayefuata jeneza.

Mganga aliyetajwa na majirani aliitwa Ngolo, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake nje kidogo ya mji. Walimkuta zizini, gambuti miguuni, anamwekea ndama dawa ya kidonda. Aliwasikiliza akiendelea na ndama. Alipoliona blanketi alinawa mikono, akawakalisha chini ya kibaraza cha nyasi, akamwambia Isidori, "Sema wewe. Mwanamke huyu hajui kitu, namwona."

Isidori alisema akiangalia vidole vyake. Lilikuwa jini la ukoo wao. Linamlalia mmoja, na mizinga ya nyumba nzima inajaa. Mama yake alilibeba tangu ujana, ndiyo maana alikuwa ameinama. Alipokufa likamwangukia Pudensiana, na yeye ananyonyesha, maziwa yakakauka, akaanza kuota kwamba anamla mtoto. Mtaalamu mmoja huko akawaambia jini laweza kuhamishiwa nje ya damu, likivishwa kitambaa, kitambaa kikapokewa kwa mikono miwili, kikashonwa na mpokeaji mwenyewe, na mpokeaji mwenyewe akajifunika.

"Dada alilia kwangu," alisema. "Angekufa."

"Ukamchagua mkeo," Ngolo alisema.

"Nilijua ataliweza." Ndipo akamtazama Cecilia kwa mara ya kwanza. "Nilidhani utajifunika wewe, Mama Doto. Mtoto sikumkusudia. Mungu anajua."

Cecilia alikuwa amempakata Doto. Akamvuta zaidi kifuani, mbali na mtu anayejitetea kwamba alimkusudia mkewe tu.

Ngolo akaeleza kazi. Blanketi lifumuliwe lote, kwa mkono uliolishona, kipande kwa kipande, mpaka chekundu kibaki peke yake. Kisha mtu akishike na kusema, kwa mdomo wake, "Ni changu." Jini halikai kwa mtoto kama kuna mtu mzima aliyeliita lake.

Cecilia akafumua. Jua la alasiri lilikuwa bado juu ya zizi, ng'ombe wanarudi mmojammoja, na yeye anavuta nyuzi zake mwenyewe, gauni la maua, kitenge cha msiba, blauzi ya njano, kazi yote aliyoifanya huku anaimba, na kadiri alivyokaribia kile chekundu ndivyo ule mvumo ulivyozidi, mpaka ng'ombe wakakataa kuingia zizini, na alipoingiza vidole nyuma yake kukitenga na pamba za lile blanketi kuukuu alikuta pa moto, pana joto laini linalopanda na kushuka, kama tumbo la mnyama aliyelala, na hakuutoa mkono, alikata uzi wa mwisho kwa meno.

Kitambaa kikabaki kwenye mkeka. Ngolo akasema, "Nani wake?"

Isidori alikuwa karibu nacho kuliko mtu yeyote. Angenyoosha mkono tu. Doto alikuwa amelala kwenye kanga, midomo imekauka, anapumua kwa kukwaruza.

"Baba Doto," Cecilia alisema.

"Wewe una roho ngumu," alinong'ona. "Mimi nikiangukiwa, porini atakwenda nani? Nyie mtakula nini?"

Alimngoja kidogo tena. Kisha akakiokota mwenyewe.

"Ni changu."

Kilimwingia kama maji ya kisima yanavyopanda kwenye nguo. Mgongo wake ukapinda. Akahisi magoti ya mtu yakikaa sawa juu ya mabega yake, na pumzi yenye harufu ya nta ikamshukia sikioni, na kitu kikajinyoosha, kikaguna kwa raha, kama msafiri aliyepata kitanda cha kumtosha. Kwenye kanga, Doto alikohoa, akakaa, akasema ana kiu.

Ngolo alichuchumaa mbele ya Cecilia. "Nisikilize, mama. Aliyeletewa bila kujua hulaliwa tu. Aliyelipokea kwa mdomo wake ana neno juu yake. Sikukuambia mapema kwa sababu ungesema kwa hila, na kwa hila lisingekukubali. Sasa unaweza kulituma. Haliwezi kwenda hewani wala kwa mgeni. Linakwenda kwenye damu ya ukoo wake. Kuna yule dada mwenye mtoto wa kunyonyesha, kuna huyu, na kuna huyo binti yako. Au likae kwako."

Isidori alikuwa ameanza kurudi nyuma.

"Kaa," Cecilia alimwambia. Sauti yake ilikuwa ya uchovu, haikuwa na hasira. "Nataka uone. Mimi sikuletei ndani ya mfuko. Nakuambia usoni, mchana, ukiwa unanitazama." Akanyoosha mkono wenye kitambaa. "Nenda kwa mwenye mizinga."

Isidori hakupiga kelele. Aliinama tu, taratibu, kama mtu anayetwishwa gunia na vijana wasiomwonea huruma, akakohoa kikohozi cha mama yake. Kisha akaichukua baiskeli yake, akaisukuma kwa sababu hakuweza tena kuipanda, akashika njia ya kuelekea Ugalla. Hakurudi Makanyagio.

Mwaka ukazunguka. Cecilia alishona mepesi ya mvua, akashona vitambaa vya makochi. Doto alinenepa, akarudi shule, akaimba kwaya. Habari za Isidori zilikuja na Salvator, mrinaji mwenzake, aliyepita mjini kuuza asali: mizinga yake inamwagika, ila yeye analala chini, hali chakula vizuri, amekuwa mzee wa ghafla. Cecilia alisikiliza kama anayesikia habari za nchi nyingine.

Baridi ilipoanza tena, asubuhi moja alikuwa anamsuka Doto kabla ya shule. Mtoto akauliza, "Baba atarudi lini?"

Cecilia alishafikiria uongo mwingi wa kumpa. Lakini nyumba yake ilikwisha kubomolewa na maneno matamu. "Hatarudi. Kile kitu kilichokuwa kinakusumbua anacho yeye. Mimi ndiye niliyekituma."

"Najua," Doto alisema. "Bibi aliniambia wakati anaondoka."

Mkono wa Cecilia ukasimama kwenye nywele. "Alikuambia nini?"

"Alisema nisilie. Kwa baba hakai sana, mgongo wake mbovu." Mtoto aliongea kama anayesimulia mambo ya shuleni. "Alisema baba akifa atakuja kwangu, nitakuwa nimerefuka. Kwako hawezi kurudi, umeshamtuma, na wewe siyo wa kwao."

Mama alimaliza kumsuka. Alimfunga sweta vifungo vyote, akamsindikiza hadi barabarani, akasimama pale mpaka mtoto alipopotea kwenye ukungu. Kisha akarudi ndani, akashusha vitambaa vyote vizito alivyokuwa navyo, mablanketi mawili ya katikati badala ya moja, akakaa kwenye cherehani.

Salvator alipopita safari iliyofuata, alikuta furushi limesimama mlangoni, kubwa kuliko gunia la mahindi, na juu yake kuna sufuria la nyama ya kukaanga na mfuko wa unga wa uji.

"Mpelekee Baba Doto," Cecilia alisema. "Mwambie ajifunike vizuri. Asilale chini."

Salvator alilipima furushi kwa mkono, akatikisa kichwa. "Mama Doto, kwa yale tuliyosikia, mwanamke mwingine angemwombea afe."

Cecilia alikuwa anakaza kamba kwenye keria ya pikipiki. Hakuinua uso. Aliuliza kama ile dawa ya kikohozi aliyokuwa amemtumia Isidori kwa mrinaji mwingine ameinywa yote, na kama yupo mtu huko porini wa kukaa naye asubuhi na jioni, ahakikishe amekula.